Nilichojifunza kwa panya kuhusu kugusa

Vitabu vingi vya fiziolojia tulivyosomea chuoni vina mchoro uleule. Kitu kinagusa ngozi, mshale unapanda kwenye neva, unapita shina la ubongo, unafika thalamasi, kituo cha kupitishia habari katikati ya ubongo, kisha unaishia kwenye gamba la ubongo, tabaka lake la nje, na hapo inaandikwa kwamba mguso umehisiwa. Mishale yote inaelekea juu. Sina ugomvi na mchoro huo kama hatua ya kwanza ya mwanafunzi. Lakini miaka niliyofanya kazi kwenye maabara ya chuo kikuu kimoja nchini Uholanzi, nikiwashika panya wadogo (jamii ya panya wa nyumbani, si watoto wa panya), nikiwatazama na kuwapima, imenionyesha kwamba nusu ya habari imebaki nje ya karatasi, na nadhani ndiyo nusu yenye uhai. Mguso hauendi kama mbio za kupokezana vijiti, mmoja akimkabidhi mwenzake kisha yeye akapumzika. Sehemu iliyotuma ujumbe inaendelea kufanya kazi, inajibiwa, inasahihishwa, na mara nyingi ni yenyewe iliyoutafuta huo mguso.

Tulifanya kazi na sharubu. Panya huishi zaidi gizani, kwenye mashimo na nyuma ya magunia, na sharubu zake ndizo zinazompa habari ya ukuta uko wapi, mwanya una upana gani, kilicho mbele yake ni laini au kinakwaruza. Unywele wenyewe hauhisi chochote. Hisia yote iko kwenye shina lake, ndani ya kifuko kilichojaa damu na kuzungukwa na miisho ya neva zaidi ya 100 kwa sharubu moja tu. Unywele ukipinda hata kidogo, shina linasukumwa, na neva ya tano ya fuvu inabeba habari hadi kwenye shina la ubongo. Kwa mtafiti hii ni bahati kubwa. Unaweza kuligusa sharubu moja, ukajua kwa hakika ni lipi, na ukaifuata habari yake kituo kwa kituo.

Kuna dada mmoja Mkenya aliyenitangulia pale maabara, na yeye ndiye aliyenifundisha nianzie wapi. Nilipofika nilikuwa na hamu ya elektrodi na hadubini. Akaniambia, "Mdogo wangu, hivyo vyote vipo, havikimbii. Mtazame kwanza mnyama anavyotumia uso wake." Akaniketisha mbele ya video zilizopigwa kwa kamera inayochukua picha 500 kwa sekunde, gizani, kwa mwanga wa infraredi ambao panya haoni.

Kwa macho matupu sharubu za panya anayetembea huonekana kama ukungu pembeni mwa pua. Ukiipunguza kasi ya video, ukungu ule unageuka kuwa mwendo wenye mpangilio: mbele, nyuma, mbele, nyuma, mara kama 10 kwa sekunde, na kwa panya wadogo hata zaidi. Mnyama hasubiri kuguswa. Anapapasa. Sharubu za upande mmoja zikigonga kitu, upande huo hupunguza mwendo wake ili zisijikunje kupita kiasi, na upande wa pili husogea mbele zaidi kwenda kutafuta. Hilo hutokea upesi, ndani ya mpapaso mmoja au unaofuata. Nilipoliona mara ya kwanza nilirudisha video nyuma tena na tena. Kwenye mchoro wa kitabuni hakuna mahali pa kuliweka, kwa sababu mwendo unabadilishwa na mguso, na mguso unaletwa na mwendo, na huwezi kusema kipi kimeanza.

Baada ya hapo ndipo nilipoingia kwenye ubongo wenyewe. Kazi yangu ya kwanza ya mikono ilikuwa kuandaa vipande vya gamba la ubongo vilivyolazwa bapa, kuvikata vyembamba sambamba na uso wake, na kuvitia kemikali inayoonyesha kimeng'enya cha saitokromu oksidasi. Unaviacha kwenye kimiminika, unasubiri, na polepole rangi ya kahawia inapanda. Zinatokea duara nyeusi-nyeusi zilizojipanga kwa safu, na mpangilio wao ni uleule wa sharubu usoni: safu tano, A hadi E, kila sharubu kubwa na duara lake. Thomas Woolsey na Hendrik Van der Loos walizieleza mwaka 1970 katika gamba la panya mdogo, kwenye tabaka la nne, wakaziita mapipa, na jina likabaki. Miaka mitatu baadaye walionyesha kwamba ukiharibu mashina ya safu moja ya sharubu mara tu panya anapozaliwa, safu ile ya mapipa haijengeki inavyopasa. Ramani ya ubongo inauhitaji uso wenyewe ili ijichore, na ina siku chache tu za mwanzo za maisha za kufanya hivyo.

Ramani hiyo haipo kwenye gamba peke yake. Kwenye shina la ubongo kuna vikundi vya seli vilivyopangwa vivyo hivyo, na kwenye thalamasi vimo tena. Sharubu moja, basi, ina kituo chake katika kila ngazi. Ni mpangilio mzuri kiasi kwamba unashawishi. Ukiutazama unataka kuamini kwamba kila kitu kinapanda ngazi kwa adabu, na kwamba pipa la C2 ndiko sharubu la C2, yaani la pili kwenye safu ya C, linakohisiwa. Nimekutana na wasomi wazuri ambao wanazungumza hivyo hadi leo, na ninawaelewa, maana mapipa yanaonekana wazi mno.

Kilichonitoa huko ni muda. Maabara za Lausanne, Uswisi, kwenye kundi la Carl Petersen, zilichapisha mwaka 2007 kazi ambayo naiona kuwa miongoni mwa zilizo bora katika fani hii. Walitumia rangi inayobadilisha mng'ao wake kulingana na umeme wa seli, wakalisukuma sharubu moja, wakatazama eneo kubwa la gamba kwa pamoja. Panya akiwa ametulia, milisekunde 10 hivi baada ya kuguswa, pipa moja linawaka. Milisekunde chache baadaye mwako umesambaa kwa majirani, na sehemu nyingine imewaka mbali kidogo kuelekea mbele ya kichwa: eneo la mwendo, lile linalohusika na kuzisogeza sharubu. Kabla hujamaliza hata kuanza kupepesa jicho, eneo la hisi limekwisha kulishirikisha eneo la mwendo.

Na jambo la pili lilinigusa zaidi. Mguso uleule, ukitolewa panya akiwa katikati ya kupapasa, huleta mwako mdogo usiosambaa. Sharubu ni lilelile, msukumo ni uleule, ila ubongo haumo katika hali ileile. Seli za gamba la hisi, lile lenye mapipa, hupanda na kushuka pamoja kwa mawimbi makubwa ya polepole panya anapotulia. Akianza kupapasa, mawimbi hayo hupungua na kila seli hufuata mwendo wake. Kwa hiyo unapouliza ubongo umejibu vipi, lazima useme pia mnyama alikuwa anafanya nini wakati huo. Tangu nilipolielewa hilo siwezi kusoma grafu ya mguso bila kutafuta mstari unaoonyesha mwendo wa sharubu. Usipokuwepo, naiweka pembeni.

Hapo ndipo jinsi ya kumshika mnyama inapoingia, na wengi hulichukulia kama jambo la wahudumu wa vizimba. Mwaka 2010 Jane Hurst na Rebecca West wa Chuo Kikuu cha Liverpool, Uingereza, walionyesha kwamba panya wanaoinuliwa kwa mkia, kama ilivyozoeleka kila mahali, huwa na wasiwasi mwingi kuliko wanaobebwa kwenye kibomba au kwenye viganja vilivyokunjwa. Sisi tulifuata njia ya kibomba. Panya aliyezoea huja mwenyewe, hunusa kidole, hupapasa mkono wa glavu kwa sharubu zake, kisha huingia. Panya mwenye hofu hujikunyata, na uso wake unakuwa mwingine kabisa. Kama hali ya mnyama inabadilisha jibu la ubongo ndani ya sekunde, basi mkono wa asubuhi uliomtoa kizimbani ni sehemu ya jaribio. Nililijali hilo kwa ajili ya panya wenyewe kabla sijalijali kwa ajili ya takwimu, na bado naamini mambo hayo mawili hayatengani.

Kuhusu nani anaamuru mwendo, vitabu vina jibu jepesi: eneo la mwendo. Mwaka 2010 kundi lilelile la Lausanne lilionyesha kwamba gamba la hisi nalo linaamuru. Likichochewa, sharubu hurudi nyuma. Eneo la mwendo likichochewa, sharubu huanza kupapasa kwenda mbele. Njia ya gamba la hisi hushuka moja kwa moja hadi kwenye viini (vikundi vya seli) vya neva ya tano kule shina la ubongo, vilevile vinavyopokea habari za sharubu, na kutoka pale huifikia misuli. Yaani sehemu tuliyoizoea kuwa msikilizaji ina usemi wake katika mwendo, na inasaidia kuelezea kwa nini panya anayegonga kitu huweza kuzivuta sharubu zake upesi vile.

Mdundo wenyewe wa kupapasa hautoki kwenye gamba. Unatengenezwa chini kabisa, kwenye shina la ubongo, jirani na seli zinazoendesha pumzi, na kazi za David Kleinfeld na Martin Deschênes na wenzao zilionyesha mwaka 2013 jinsi kupapasa kunavyofungamana na kunusa. Panya anavuta harufu na kusukuma sharubu mbele kwa mpigo mmoja. Kwangu mimi niliyetokea Morogoro, hili lilikuwa na ladha ya nyumbani. Pale Chuo Kikuu cha Sokoine shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa baruti za mabomu ya ardhini na vijidudu vya kifua kikuu kwenye makohozi. Watu huwasifu kwa pua zao, na wanastahili. Ila ukimtazama panya buku kwa karibu akipita juu ya sampuli, sharubu nazo haziko kimya.

Sehemu ngumu zaidi ya kazi hii ni kuuliza ni eneo gani linahitajika kwa kitu gani. Njia inayotumika sana ni optojenetiki: panya amebadilishwa vinasaba ili seli zake za kuzuia ziitikie mwanga wa buluu, na ukimulika sehemu ya gamba, sehemu hiyo inanyamaza mpaka uzime taa. Kule kituo cha utafiti cha Janelia, Virginia, Marekani, kundi la Karel Svoboda lilichapisha mwaka 2014 jaribio ambalo kila mtu wa fani hii analijua. Panya anagusa kijiti kwa sharubu gizani, kijiti kinaondolewa, anasubiri kidogo zaidi ya sekunde moja, kisha analamba kulia au kushoto kulingana na mahali kijiti kilipokuwa. Watafiti walinyamazisha sehemu moja baada ya nyingine, kwa nyakati tofauti. Gamba la hisi likinyamazishwa panya anapogusa, anakosea. Likinyamazishwa baadaye, anapongoja, athari yake ni ndogo. Wakati wa kungoja ni eneo la mbele la mwendo linaloshikilia uamuzi. Ukilinyamazisha hilo, mguso alioupata unapotea kana kwamba hakuupata.

Kwa haraka mtu atasema, basi, yameshajulikana: hisi hapa, uamuzi kule. Mwaka 2018 kundi la Randy Bruno, Chuo Kikuu cha Columbia, New York, likaleta habari iliyozua mabishano hadi kwenye meza yetu ya chai. Waliwafundisha panya kugundua kitu kwa sharubu. Kulinyamazisha gamba la mapipa kwa muda kuliwavuruga. Lakini walipoliondoa kabisa, panya walivurugika mwanzoni, kisha wakarejea kwenye ustadi wao baada ya muda mfupi, bila gamba hilo. Na kuna kazi ya zamani ya Hutson na Masterton, ya mwaka 1986, ambapo panya waliokosa eneo hilo waliendelea kugundua sharubu likisukumwa, lakini hawakuweza tena kuupima kwa sharubu mwanya wa kuruka kutoka jukwaa moja hadi jingine.

Tulibishana sana. Wengine walisema gamba la mapipa basi halina kazi kubwa. Mimi nilisimama, na bado nimesimama, upande wa wanaosema kwamba kazi inategemea swali. Kugundua tu kwamba kuna kitu ni jambo ambalo thalamasi, kolikulasi ya juu (kituo kilicho kwenye ubongo wa kati) na maeneo mengine chini ya gamba yanaweza kulimudu yakipewa nafasi ya kujipanga upya. Kulijua umbo la mwanya na kuuamini kiasi cha kuruka ni jambo jingine. Na kunyamazisha ghafla si sawa na kuondoa: maeneo mengine yaliyozoea kupokea ujumbe kutoka hapo yanabaki yakipokea ukimya wa ghafla, nayo yanavurugika hata kama yangeweza kufanya kazi kwa njia nyingine. Ukweli huu umenifanya niwe mgumu wa kukubali sentensi yoyote inayosema eneo fulani la ubongo ndilo la jambo fulani.

Mawasiliano yanayorudi nyuma ndiyo niliyoyapenda kuliko yote. Huko Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, kazi iliyochapishwa 2016 ilifuatilia mazungumzo kati ya gamba la kwanza la hisi na gamba la pili la hisi. Habari ya mguso ilitoka la kwanza kwenda la pili. Habari inayohusiana na uamuzi wa mnyama ilionekana ikirudi kutoka la pili kwenda la kwanza. Nako taasisi ya utafiti ya RIKEN, Japani, walionyesha mwaka 2015 kwamba ujumbe unaoshuka kutoka eneo la mwendo kwenda gamba la hisi unahitajika ili panya autambue mguso wa mguuni vizuri, na mwaka uliofuata wakaonyesha kwamba njia hiyohiyo hufanya kazi usingizini. Panya aliyejifunza kutofautisha sakafu laini na ya kukwaruza, akizuiwa mawasiliano hayo mapema katika usingizi unaofuata, hakumbuki vizuri. Kugusa kunaendelea kupangwa akiwa amelala, sharubu na miguu vimetulia.

Si kila panya hutegemea sharubu kwa kiasi kilekile. Fuko asiye na manyoya, yule wa mashimoni Kenya, Ethiopia na Somalia, huchimba kwa meno yake ya mbele, na Kenneth Catania na Michael Remple walionyesha mwaka 2002 kwamba karibu theluthi moja ya gamba lake la hisi imepewa meno hayo. Ubongo umetoa nafasi kwa chombo ambacho mnyama anakitumia kuuliza.

Sasa nafundisha fiziolojia, na wanafunzi wangu wengi ni wa fiziotherapia. Kwenye somo la mguso nawagawia sarafu za shilingi 200. Mmoja anafumba macho, mwenzake anamwekea sarafu chini ya ncha ya kidole, na kidole hakiruhusiwi kusogea. Juu ni sura ya Karume au ni simba? Wengi hubahatisha. Kisha kidole kinaruhusiwa kupapasa, na wengi hupata jibu.

Hapo hutokea swali, na hutoka kwa wale waliokwisha kukaa wodini: mgonjwa wa kiharusi ambaye vidole havimtii, anawezaje kuhisi? Huwa nawatahadharisha kwanza kwamba panya si binadamu. Vidole vyetu havina mapipa, gamba letu ni kubwa mno, na njia zetu za kuamuru mkono zinashuka kwa namna ambayo panya hana. Ninachowaomba wachukue kwa panya ni namna ya kupima. Mgonjwa asiyeitambua khanga kwa vidole anaweza kuwa hahisi, au anaweza kuwa anahisi ila hawezi kusogeza kidole ili apate cha kuhisi. Basi pima mara mbili: mhudumu apitishe khanga juu ya kidole kilichotulia, halafu mgonjwa apapase mwenyewe, au aongozwe mkono wake pale anaposhindwa, na majibu yote mawili yaandikwe kwenye faili, kila moja kwenye mstari wake.